Naomba ushauri: mzingile wa mawe kwa watoto

Ndugu wanakikundi, nawasalimu kutoka Goma. Katika uwanja wa mtaa wetu, wenye upana wa mita 8, nimepanga mawe meusi ya volkano hadi usawa wa magoti yakawa mzingile wa watoto, yaani njia zenye kupoteza ambamo mtoto hutafuta kitovu. Mwanzoni kuta zote ziliungana na ukuta wa nje, hivyo wakubwa waligundua upesi kwamba anayefuata ukuta wa kulia bila kuuacha hufika kitovuni. Ndipo nikazungushia kitovu kuta zilizojitenga. Sasa anayefuata ukuta hurudi mlangoni, na juzi mtoto wa miaka sita alizunguka hadi akalia, jambo lililoniuma sana. Nimewafundisha kuweka alama ya chaki kila wapitapo na kutoingia tena njia yenye alama mbili, lakini chaki haishiki vizuri kwenye jiwe lenye vitundu, na mvua huifuta.

Je, nitumie alama gani nyingine isiyoumiza miguu mitupu? Pia, kwa wadogo nafikiria njia moja isiyo na matawi, kama ile ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, yenye mizunguko 11 ndani ya kipenyo cha karibu mita 13: kwa mita zangu 8, nibakize mizunguko mingapi ili mtoto apite bila kukanyaga mawe?