Kompyuta ya mezani kwa ArchiCAD na Lumion: mtumba wa Xeon, mashine mpya au Mac mini?

BintiRamani (Dodoma)

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, nafanyia kazi nyumbani hapa Dodoma. Nachora kwenye ArchiCAD, picha na video namalizia kwenye Lumion. Laptopu yangu ina RAM ya GB 16 na kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 4, na sasa imeelemewa kabisa.

Wiki iliyopita nilikuwa na nyumba ya ghorofa moja, mteja akataka aione na mazingira yake: miti mbele, nyasi, gari kwenye maegesho, taa za jioni. Kufika mti wa kumi Lumion ikaanza kuganda. Nasogeza kamera, nasubiri, nasogeza tena. Video ya sekunde 30 niliiacha ijitoe usiku kucha, saa tisa usiku umeme ukakatika, asubuhi nikaanza upya. Mteja alingoja siku tatu kwa kazi ambayo mimi nilishaimaliza.

Nimetenga milioni 3, skrini ninayo. Nimepewa njia tatu. HP Z440 ya mtumba, prosesa Xeon E5-2680 v4 yenye kore (viini vya kufanyia kazi) 14, RAM ya GB 64, kadi Quadro K2200, kwa milioni 1.3. Au mashine mpya ya kuunganishiwa dukani: Core i5-13400 yenye kore 10, RAM ya GB 32, SSD ya TB 1, na kadi RTX 3060 ya GB 12 au RTX 4060 ya GB 8, nichague mwenyewe, hii inakula karibu milioni 3 yote. Ya tatu ni Mac mini ya M4, ambayo rafiki yangu haachi kuisifia.

Kaka yangu anasema kore 14 na RAM 64 kwa bei hiyo sina cha kuuliza, ninunue. Ninachotaka kuelewa ni kwa nini yenye kore 14 iwe nusu ya bei ya yenye kore 10. Waliozigusa hizi mashine kwa mikono yao naomba mnielekeze. Natanguliza shukrani.

Bisibisi_Kkoo (Dar es Salaam)

Dada karibu. Nimezifungua Z440 nyingi tu, na kwa uimara sina neno baya. Kasha zito, kila kitu ndani kinatoka bila hata bisibisi, hewa inapita vizuri, inafanya kazi mchana na usiku bila kulalamika. Zinauzwa rahisi kwa sababu maofisi ya Ulaya yanazitoa kwa wingi yakibadilisha mashine, siyo kwa sababu ni mbovu. Mimi ningechukua Z440, nikatoa hiyo K2200, nikaweka RTX 3060. Unabaki na chenji ya UPS, ile betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, na mafuta ya wiki nzima.

MsanifuNrb (Nairobi)

Ndugu Bisibisi, kuhusu uimara tuko pamoja. Lakini dada ameuliza swali zuri sana na halijajibiwa: kwa nini kore 14 ziwe rahisi kuliko kore 10?

Prosesa ile ni ya mwaka 2016. Kore moja ya E5-2680 v4 ikijitutumua inafika GHz 3.3. Ya i5-13400, ya mwaka 2023, inafika GHz 4.6, na juu ya hapo kila mzunguko wake mmoja unafanya kazi nyingi zaidi kuliko ule wa zamani. Sasa fikiria unachofanya mchana kutwa ndani ya ArchiCAD: unavuta ukuta, unabadilisha dirisha, unahama plani kwenda 3D. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inapita kwenye kore moja au mbili, zile nyingine kumi na mbili zinatazama. Nilikuwa na mashine ya aina hiyo hiyo kwa miaka miwili, na kila nikisogeza paa nilikuwa nahesabu moja, mbili, tatu, ndipo lihame. Kwa siku moja husikii. Kwa mradi wa miezi mitatu unachoka mpaka unaichukia kazi.

Kore nyingi zina faida mahali pake. Ukitoa picha kwa prosesa ndani ya ArchiCAD yenyewe zinatumika zote, na V-Ray, programu nyingine ya kutolea picha, ukiiendesha kwa prosesa ni hivyo hivyo. Ungekuwa unatoa picha kwa njia hiyo ningekwambia Z440 ni mali. Lakini wewe unatumia Lumion, na Lumion mzigo wake mkubwa uko kwenye kadi ya grafiki. Halafu tazama vizuri: K2200 ina GB 4, sawasawa na laptopu unayoikimbia.

Anayetumia Revit, programu nyingine ya kuchora majengo, naye ajue hivi: Autodesk wanaoitengeneza wanakadiria kwamba modeli inaweza kutaka RAM hadi mara 20 ya ukubwa wa faili. Faili la MB 300 ni kama GB 6. Kwa nyumba za kawaida GB 32 zinatosha na zinabaki. Hizo 64 za Z440 zinapendeza tu kwenye tangazo.

Bisibisi_Kkoo (Dar es Salaam)

Hapo mkuu nakubali, la kore moja nililiruka. Na kwa kuwa nisingependa dada anunue kwa maneno yangu halafu ajute, naongeza mawili ambayo wauzaji huwa hawayasemi.

Pawa saplai ya Z440 na mazabodi yake si za kiwango cha kawaida. Ikiungua huwezi kwenda duka lolote ukachukua nyingine, lazima utafute ya HP yenyewe, na kebo zake za kadi ni za pini 6 wakati RTX 3060 nyingi zinataka pini 8, kwa hiyo unaingia kwenye adapta. RAM zake nazo ni zile za seva. Siku ukihamia mashine nyingine hazihamishiki.

La pili ni Windows. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Xeon za kizazi hicho hazimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Watu wanailazimisha na inakubali, mimi mwenyewe nimewawekea wateja. Ila kwa mtu anayekula kwa mashine hiyo, kulazimisha si mpango.

Mie_Unguja (Zanzibar)

Shoga, mie natumia Mac mini ya M4 na ArchiCAD, na kwa kuchora naipenda kupita kiasi. Haina kelele, ndogo kama kibweta cha dhahabu, na haifiki wati 70 hata ikifanya kazi kwa nguvu zote. Hapa kwangu umeme ukizima naendelea kwenye betri ya sola kama hakuna kilichotokea.

Lakini ntakwambia ukweli kwa kuwa umesema Lumion. Lumion hiyo unayotumia haipo kwa Mac. Revit nayo haipo. Mie natolea picha kwenye Twinmotion, ambayo ipo, na Epic Games wenye nayo hawakutozi kitu kama mapato yako kwa mwaka hayafiki dola milioni moja. Kama uko tayari kujifunza upya na kuiacha maktaba yako yote ya miti na fanicha, njoo. Kama Lumion ndiyo mkono wako, usije. Na RAM yake unayonunua siku ya kwanza ndiyo hiyo hiyo hadi mwisho, haiongezwi.

Mzigo_Dubai

Wakuu, mimi ni Mtanzania nipo Dubai, nawanunulia watu vifaa pale mtaa wa kompyuta, Bur Dubai. Kwenye kadi naomba dada awe makini sana.

RTX 3060 ya mezani ipo ya GB 12 na ipo ya GB 8, na zote zinaitwa RTX 3060. Hiyo ya GB 8 njia yake ya kupitisha data kwenye kumbukumbu ni nyembamba, biti 128 badala ya 192, inapitwa mbali na kaka yake. Ya laptopu ndiyo kabisa, ina GB 6. Kwa hiyo usikubali jina peke yake, taka kuona namba kwenye mashine ikiwa imewashwa.

Kadi za mtumba zilizagaa baada ya Septemba 2022, pale sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki. Si zote mbaya, lakini nyingi zimefanya kazi usiku na mchana kwenye vyumba vya joto. Zungusha feni kwa kidole: ikikwaruza au ikicheza pembeni, irudishe. Zipo pia kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijiite jina la kadi mpya. Beba GPU-Z kwenye flashi, ni programu ndogo ya bure ya kusoma kadi. Kadi ya namna hiyo inaiandikia wazi kuwa ni bandia.

Chumvi_Nyali (Mombasa)

Dada yangu, wote wamezungumzia mashine na hakuna aliyegusa umeme, na wewe mwenyewe umesema video ilikatikia usiku.

Maandishi ya UPS yasikupoteze. VA si wati. Ile ndogo ya VA 650 inabeba wati 360 hivi au 390. Mashine yenye RTX 3060 kadi peke yake inakula 170, ongeza prosesa, ongeza skrini, umeshaikaribia. Na hata ikibeba, inakupa dakika chache tu za kuzima kwa adabu. Chukua ya VA 1500, yenye kurekebisha umeme unapopanda na kushuka. RTX 4060 hapo ina sifa yake, ni wati 115, kwa hiyo usiidharau.

Hapa kwetu adui ni chumvi. Mashine yangu ya kwanza niliiweka chini, dirisha la bahari wazi, na baada ya mwaka na nusu mabomba ya shaba ya kipoza prosesa yalikuwa na ukijani kama senti ya zamani. Huko kwako adui ni vumbi. Iinue juu ya meza ndogo, chuja mlango wa hewa kwa wavu, na kila mwezi pitisha brashi laini ya rangi. Shika feni kwa kidole unaposafisha, isizunguke.

BintiRamani (Dodoma)

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya cha siku tano, nilishuka Dar.

Niliweka faili la ile nyumba pamoja na mandhari yake ya Lumion kwenye SSD ya nje, nikaenda nayo dukani. Kijana wa dukani mwanzo alishangaa, baadaye akavuta kiti akakaa na mimi. Mashine ilikuwa ile ile ya i5-13400, tukabadilisha kadi tu. Kabla ya kufungua mandhari Lumion ina kipimo chake chenyewe kinachotoa alama za kadi, kumbukumbu ya kadi na prosesa, tukakiendesha kwa zote mbili. Kwa nguvu tupu RTX 4060 ilishinda.

Halafu nikafungua nyumba yangu. Nikaacha Task Manager, kidirisha cha Windows kinachoonyesha mzigo wa mashine, pembeni kwenye ukurasa wa GPU (kadi ya grafiki) na kuanza kupanda miti. Kwenye 4060 kamera ilikwenda laini kabisa, nikafurahi. Kumbukumbu ya kadi ikasoma GB 6.9, nikaweka ukoka na maua ya uzioni, ikasoma 7.4, nikaleta magari mawili na watu, ikagonga 7.8 na kusimama hapo. Kuanzia hapo mstari wa chini, wa kumbukumbu ya kuazima kutoka kwenye RAM, ndio ukaanza kupanda, na kamera ikaanza kurukaruka kama kwenye laptopu yangu. Tukaweka 3060 na mandhari ile ile: ilisoma 9.3 kati ya 12. Ilikuwa nzito kidogo kuliko 4060 pale mwanzo, lakini haikubadilika mpaka mwisho.

Nilimwomba pia aniwashie Z440 waliyokuwa nayo, nikafungua faili la ArchiCAD tu. Nikasogeza paa. Moja, mbili, tatu, kama alivyosema MsanifuNrb. Pale pale nikampigia kaka.

Nimechukua i5 na RTX 3060 ya GB 12. GPU-Z nimeiangalia, biti 192. RAM ni vipande viwili vya GB 16, nafasi mbili zimebaki wazi. UPS ya VA 1500 ilinitoa nje ya bajeti, nikapunguza kasha la kioo lenye mataa, nikachukua la bati lenye wavu mbele.

MsanifuNrb (Nairobi)

Hongera sana dada. Hapo kwenye kasha umefanya la maana. Moja tu: kebo ya skrini ichomeke kwenye kadi, chini, siyo kwenye mazabodi. Nimeitwa ofisi mbili kwa tatizo hilo hilo, kadi nzima imekaa bure.

BintiRamani (Dodoma)

Asante kaka, na ni kweli, nilikuwa nimechomeka juu. Nimehamisha.

Jana mteja alikuja na mama yake mzazi. Nikawakalisha mbele ya skrini, nikawapitisha getini, barazani, mpaka nyuma ya nyumba. Mama akanyoosha kidole: huo mwembe utaniziba dirisha la jikoni, nitawaonaje wajukuu wakicheza? Nikaushika mwembe nikausogeza mpaka kwenye kona ya uzio, na yeye akiuangalia unavyokwenda. Akasema, hapo, uache hapo hapo.