Kawekewa pleti mguuni, sasa ngozi inawasha. Chuma kitolewe?

Mlezi34: Wakuu, mgonjwa alivunjika muundi, akawekewa pleti na skrubu za stenlesi. Leo wiki ya 7. Kandokando ya kovu kuna vipele vya majimaji, vinawasha usiku kucha. Hereni za bei rahisi na kifungo cha jinzi humtoa upele tangu zamani. Ndugu wanataka chuma kitoke. Tufanyeje?

Koleo: Msikimbilie kutoa. Wiki 7 muundi mara nyingi bado haujaunga, pleti ikitoka mapema mfupa unapinda au unavunjika tena. Kwanza hakikisheni si maambukizi, maana huiga aleji vizuri sana: homa, usaha, maumivu yanayozidi hata akipumzika. Apimwe CRP na ESR (vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini), na X-ray kuona kama skrubu zimelegea. Asianze antibayotiki kabla daktari hajachukua sampuli, la sivyo bakteria hawataota maabara na mtaambiwa yuko salama.

Mama Ngozi: Mnamfunga na nini? Upele ukiwa na kingo zilizonyooka kama umepigwa rula, mkosaji ni gundi ya plasta. Ukifuata pale mnapopaka dawa, shukuni neomisini, antibayotiki iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kupaka. Acheni vyote viwili, tumieni gozi kavu na bandeji ya kuzungushia.

Mlezi34: Plasta tuliacha wiki ya 3, na hatupaki chochote.

Mama Ngozi: Basi nikeli, metali ambayo mara nyingi imo kwenye hereni za bei rahisi na vifungo vya jinzi, ina haki ya kushukiwa; stenlesi ya 316L, aina inayotumika sana kwa pleti, inayo asilimia 10 hadi 14. Mwone daktari wa ngozi kwa kipimo cha viraka mgongoni, yaani vibandiko vyenye chumvi za metali zinazoshukiwa: nikeli salfeti asilimia 5, kobalti kloridi 1, potasiamu daikromati 0.5. Vinakaa saa 48, husomwa vikitolewa, tena siku ya 4, na ya 7 kwa sababu nikeli huchelewa kujitokeza. Mgongo usilowe. Kama anameza prednisoloni (vidonge vya steroidi) aseme, inaficha majibu.

Koleo: Na majibu yakiwa chanya bado hayaihukumu pleti. Wengi wenye aleji ya nikeli wanatembea na stenlesi bila shida. Kidonda kikiwa kimefunga na maambukizi hayapo, daktari anaweza kumwandikia krimu ya betamethasoni, steroidi ya kupaka inayotuliza mwasho, ya kusogeza muda. Mfupa ukiunga, pleti itolewe. Ikishindikana kungoja, wabadilishe kwa titani. Ombeni nakala ya ripoti ya upasuaji, iandikwe aina ya chuma.