Tupeane uzoefu: mtoto mchanga anaharisha na joto liko juu, usiku ule ulifanya nini?

Mama Mikindani
Wapendwa, habari za mchana. Mvua zimeshaanza huku Mtwara, embe zinaozea chini ya miti na nzi ndio msimu wao. Mtaani kwetu kila ukibisha hodi unaambiwa mtoto anaendesha, mwili unachemka. Mabango ya zahanati sote tunayasoma. Mie nataka mliyoyapitia wenyewe, hasa ule usiku ambao mama mkwe ana lake, jirani ana lake, na bodaboda haipokei simu.

Mwali wa Newala
Dada, wangu alikuwa na miezi mitano. Huku kwetu uwandani maji ni ya kuvuna, yanakaa kwenye kisima cha saruji uani tangu mvua iliyopita. Nikiwa kwenye mikorosho, bibi yake alikuwa akimlambisha vijiko vya maji hayo "asikaukiwe koo". Choo kikaanza laini, kikawa maji matupu, jioni joto likapanda. Bibi akampitishia kidole kwenye ufizi, akaona weupe umevimba, akatamka: meno ya plastiki haya. Na kijiji cha pili yupo mzee anayeyang'oa kwa spoku ya baiskeli.

Sikubishana naye. Nilimwambia, "Sawa bibi, lakini usiku huu mzee hatumpati, tumpe mtoto maji ya dawa mpaka kuche." Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga kwenye maji, ilikuwemo ndani, ilibaki ya kaka yake. Nikachemsha maji, nikayapooza kwa kuyamimina sufuria hadi sufuria, nikayapima kwa chupa tupu ya maji ya dukani, ile ya lita moja. Hapo wengi mnaharibu: mnapasua pakiti nzima ya lita kwenye kikombe cha chai, chumvi inazidi, mtoto anazidiwa. Basi kijiko kimoja, natulia kidogo, kingine. Akitapika nangoja kama dakika kumi, naanza tena polepole. Katikati titi, hata kama ananyonya mara mbili na kuachia. Karibu na alfajiri akakojoa, khanga ikalowa. Jamani, nilifurahi kama niliyeuza korosho daraja la kwanza!

Kulipokucha bibi mwenyewe ndiye aliyembeba kwenda zahanati. Kipimo cha malaria kilionyesha hana, tukapewa zinki na ORS nyingine. Kwa mzee wa spoku hatukufika.

Baba Kilwa
Wangu kuharisha kulitupoteza njia. Tulidhani tumbo, kumbe malaria. Duka moja la dawa wakatuuzia vidonge vya kufunga choo, mtoto hajatimiza mwaka! Choo kikapungua kweli, tumbo likajaa kama ngoma na homa palepale. Hospitali walimtoboa kidole, wakapata malaria, na kwa kuwa kila anachomeza kinarudi, dawa mseto ya malaria ya kumeza haikuwezekana. Akaanzishiwa sindano za artesuneti. Wazee wenzangu, huku kusini mtoto akiwa na homa apimwe malaria hata kama anaharisha. Moja halizuii jingine.

Bint Lindi
Mie ilikuwa degedege. Joto lilipanda, macho yakageuka juu, mikono ikakakamaa. Shangazi akataka kumfukiza moshi wa kinyesi cha tembo, na akakataza hospitali kabisa, eti mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Baba yake alimlaza ubavu, hakumtia kitu mdomoni, mtoto alipotulia tu tukaondoka. Shangazi alinuna mpaka Idi. Mtoto sasa anasoma chekechea.

Nesi wa Masasi
Nimesoma yote, hongereni. Mwali wa Newala, huo weupe kwenye ufizi ni jino la utotoni ambalo halijakomaa. Hao wanaong'olewa tunawapokea wodini wakivuja damu au usaha umeingia, na kuharisha kuko vilevile.

Zinki: chini ya miezi sita nusu kidonge cha miligramu 20 kwa siku, kuanzia miezi sita kidonge kizima. Kiyeyushwe kwenye kijiko kwa maziwa ya mama. Kinakwenda siku 10 hadi 14, hata choo kikishakaza. Wengi wanaacha siku ya tatu wakiona mtoto anacheza. ORS ikishakorogwa isipite saa 24, mwaga, koroga nyingine.

Sasa ya kutosubiri kuche. Mtoto chini ya miezi miwili mwenye homa, usimpe panado ukangoja, ondoka saa ileile. Wa umri wowote: hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, kapata degedege, kalegea hata kumwamsha ni kazi, au choo kina damu. Na umtazame utosi na macho kama vimeingia ndani. Finya ngozi ya tumbo kidogo uachie. Ikichelewa kurudi, maji yameshamwishia. Hapo hata ukiwa na ORS, mnyweshe mkiwa njiani.

Halafu chanjo ya rota, kirusi kinacholeta kuharisha, matone ya wiki ya sita na ya kumi, angalieni kadi ya kliniki. Haizuii kila kuharisha ila ile kali ya rota inapungua sana.

Mama Mikindani
Nesi, asante. Na dafu? Huku Mikindani kila bibi anakuambia mpe dafu.

Nesi wa Masasi
Aliyekwisha anza kula, mpe, dafu lililopasuliwa muda huohuo, kwa kikombe safi, siyo chupa ya chuchu. Lakini chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo ORS iendelee. Aliye chini ya miezi sita ni titi, ORS na zinki tu.

Baba Kilwa
Na kama ORS hakuna, duka limefungwa?

Nesi wa Masasi
Lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko visawazishwe juu, siyo mlima. Inakufikisha asubuhi. Asubuhi njoo.