Bulgogi ndani ya taco: nichanganye viungo vya Kikorea na vya Kimeksiko bakuli moja?

Kijiko_Kirefu
Wakuu, habari za muda huu. Jumamosi nina wageni kama kumi na nimeshaamua: nyama ya ng'ombe ilale Kikorea, iliwe Kimeksiko. Yaani bulgogi, ile nyama ya Kikorea ya soya na sukari, ndani ya tortilla, chapati nyembamba ya Kimeksiko inayokunjwa kuwa taco.

Nina mapishi mawili mkononi. La Kikorea linataka sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, tangawizi, mafuta ya ufuta na peasi la kukwaruza. La Kimeksiko, ile nyama ya kuchoma iitwayo carne asada, linataka ndimu nyingi, kitunguu saumu tena, bizari nyembamba, pilipili, giligilani na chumvi. Nimewaza nitie vyote bakuli moja, nizamishe nyama kilo mbili Ijumaa usiku, nisiiguse mpaka Jumamosi jioni. Nyama ni ya paja, haina mafuta kabisa.

Kuna ubaya? Na je, nikate kabla au baada ya kuroweka? Nawasilisha.

Babu_Sufuria
Mkuu unapika au unasuluhisha mgogoro wa mataifa mawili? 😂 Naweka kambi hapa nisome.

MwanaMapishi
Kijiko, wazo ni zuri ila bakuli moja hapana.

Peasi bichi lina vimeng'enya vinavyokatakata protini ya nyama. Ndiyo maana Wakorea wanalitia, paja likilainika unashukuru. Ndimu nayo ni asidi, inaigandisha protini ya juu kana kwamba imeguswa na moto. Ukiviweka vyote usiku kucha mpaka jioni ya pili, juu ya nyama panakuwa na unga unga, ukitafuna unahisi kama imeshatafunwa na mtu mwingine. Na ladha haiingii ndani kiasi unachofikiri. Chumvi ndiyo inayosafiri. Kitunguu saumu, bizari na wenzake wanabaki milimita chache tu kutoka juu, uroweke saa moja au siku nzima.

Kwa hiyo gawa kazi. Korea ishike bakuli, Meksiko ishike sahani. Soya, sukari, saumu, tangawizi na peasi viende kwenye nyama. Ndimu, giligilani na pilipili mbichi ziende kwenye salsa, yaani kachumbari ya Kimeksiko, na ndimu ya mwisho ikamuliwe nyama ikishatoka motoni. Bizari nyembamba ndiyo pekee ningeivusha mpaka upande wa Korea, kijiko cha chai kwa kilo mbili, iliyokaangwa kavu kwanza. Inapatana na soya kuliko watu wanavyodhani.

Jingine, chumvi. Sosi ya soya ya kawaida ina gramu 2 na kitu za chumvi kwa kila kijiko cha chakula. Vijiko 6 kwa kilo moja ni karibu gramu 14, inatosha kabisa. Ile chumvi ya pishi la Kimeksiko isahau.

Jadi_Kwanza
Mimi nitasema ukweli, haya mambo ya kuchanganya tamaduni yananichosha. Bulgogi ina majani yake ya kufungia, ina wali wake, imekamilika. Taco nayo imekamilika. Mkivichanganya mnapata kitu kisicho na kwao. Pika moja vizuri, wageni watakuheshimu.

MwanaMapishi
Jadi, kwao kupo. Mpishi Roy Choi na wenzake walianza kuuza taco za nyama ya Kikorea kwenye gari la chakula liitwalo Kogi pale Los Angeles, Marekani, mwaka 2008, na watu walipanga foleni. Mji ule una Wakorea na Wameksiko wanaoishi mitaa jirani, kwa hiyo haikuwa maajabu ya mpishi mmoja.

Ukitaka cha zamani zaidi kuna lomo saltado ya Peru. Wachina walianza kufika kule kama vibarua mwaka 1849, wakaja na soya na kupika kwa moto mkali. Leo ni vipande vya nyama ya ng'ombe, soya, siki, kitunguu, nyanya na pilipili ya manjano ya kule, vinaliwa na chipsi NA wali sahani moja. Mwambie Mperu kuwa chakula hicho hakina kwao uone.

Jadi_Kwanza
Hiyo ya Peru nakubali. Ila hawakuipika kwa ajili ya wageni wa Jumamosi 😅

Dada_Mkaango
Hakuna aliyejibu swali la kukata, na hapo ndipo paja linapoharibika.

Kata kabla ya kuroweka. Weka nyama kwenye friza dakika 40 hadi saa nzima, isigande, iwe ngumu tu ya kushikika. Kisha angalia nyuzi zinaelekea wapi na upitishe kisu kuzikingama, vipande vyembamba, milimita 3 hivi. Ukikata kufuata nyuzi, peasi hata liwe debe zima mgeni atavuta kipande kwa meno na tortilla yote itamfuata.

Vipande vyembamba hivyo vinahitaji saa moja mpaka nne tu. Usiku mzima si lazima. Jumamosi mchana panatosha.

Na kwenye kukaanga: nyama yenye sukari na soya inaungua haraka, na ukijaza kaango inatoa maji, unaishia kuchemsha. Ichuje kwanza kwenye chujio, ikandamize kidogo. Kaango likae motoni mpaka tone la maji likiruka lenyewe, halafu tia konzi moja moja, zitandaze, USIZIGUSE kwa dakika moja. Ukisikia mlio umepungua ukawa wa kububujika, ujue umejaza. Ukiona kingo zimekuwa za kahawia nyeusi zinang'aa, geuza, nusu dakika, toa. Kilo mbili ni mafungu mengi, jiandae kusimama. Katikati ya mafungu futa kaango, masalia ya sukari yakiachwa yanatia uchungu kwenye fungu linalofuata.

Kijiko_Kirefu
Dada Mkaango na MwanaMapishi, Mungu awabariki. Swali dogo: peasi nikilikosa, nina nanasi na kiwi. Naweza kutumia? Na ule mchuzi unaobaki kwenye bakuli naona ni dhambi kuumwaga.

MwanaMapishi
Unaweza, ila hao ni wakali kuliko peasi. Kiwi moja kwa kilo mbili, nusu saa, basi, moja kwa moja kwenye kaango. Nanasi bichi hivyo hivyo. Nanasi la kopo halilainishi kitu kwa sababu limeshapikwa, vimeng'enya vimekufa. Litakupa utamu tu. Mimi kwa wageni kumi nisingebahatisha, ningetumia la kopo kwa utamu, na ulaini niuache kwa kisu cha Dada Mkaango.

Afya_Sahani
Kuhusu mchuzi: umekaa na nyama mbichi, usiuguse tena bila kuuchemsha. Chemsha utokote kwa dakika kadhaa, utapungua uwe mzito, nyunyizia. Njia rahisi zaidi ni kutenga kikombe pembeni kabla nyama haijaingia. Na kuroweka ni ndani ya friji, si juu ya meza, hata kama ni saa moja.

Pia waulize wageni kama kuna asiyekula ngano. Sosi nyingi za soya zina ngano, watu wanadhani tatizo ni tortilla peke yake. Na kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa, ukipanga kuitia, mara nyingi ina samaki au kamba ndani.

Babu_Sufuria
Kumbe uzi una shule. Mafuta ya ufuta vipi, yanaingia lini?

Dada_Mkaango
Mwisho, Babu. Yale ya ufuta uliokaangwa harufu yake inapotea kwenye moto mkali. Nyama ikitoka, kijiko kimoja juu, changanya.

Kijiko_Kirefu
Basi mpango: Jumamosi asubuhi nakata, mchana naroweka na soya vijiko 12, sukari vijiko 5, peasi moja, saumu, tangawizi, bizari. Salsa ya nyanya, kitunguu, giligilani na ndimu pembeni. Kimchi nitaikatakata na kuiweka kwenye bakuli lake, anayetaka ajipakulie. Tortilla za mahindi, nazipasha kwenye mafuta kidogo.

Dada_Mkaango
Tortilla kaango kavu, bila mafuta, mpaka zitoe madoa ya kahawia, kisha zifunge kwenye taulo safi zisikakamae. Na salsa ikishatiwa chumvi inatoa maji, kwa hiyo itie chumvi wageni wakishakaa.