Megahezi 20 hadi 6,000 kwa wati 100: mtambo wa kuvuruga mawimbi unafunika masafa yote kwa kweli?

Mwanafunzi_Mawasiliano:
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninasomea uhandisi wa mawasiliano, na wiki hii nimekuwa nikipitia vipeperushi vya mitambo ya kuvuruga mawimbi ya redio, ile inayofungwa kwenye magari ya misafara ili bomu lililotegwa kando ya barabara lisipokee amri ya kulipuka. Kimojawapo kinadai kufunika masafa ya megahezi 20 hadi 6,000 kwa nguvu ya wati 100. Je, masafa yote hayo yanavurugwa kwa wakati mmoja? Na kama ndivyo, kwa nini mitambo mingine huuzwa ikiwa imegawanywa kwa bendi, yaani vipande vya masafa, kila bendi na amplifaya (kikuza nguvu ya mawimbi) yake?

FundiAntena:
Ndugu, chukua kalamu ugawanye. Wati 100 zikitandazwa sawasawa juu ya megahezi 5,980, kila megahezi inaambulia miliwati 17 hivi. Wati hizo hizo zikielekezwa kwenye kipande cha megahezi 10 tu, kila megahezi inapata wati 10, yaani karibu mara 600 zaidi. Ndiyo maana upana usiotajwa pamoja na nguvu kwa kila megahezi ni maneno ya muuzaji. Watengenezaji hujaribu kulikwepa tatizo hili kwa kufagia, kwamba mtambo unapita haraka kutoka masafa hadi masafa, au kwa kusikiliza kwanza na kurusha nguvu pale tu inaposikika ishara. Njia ya kwanza huacha kila masafa bila kuvurugwa kwa muda fulani. Ya pili humlazimu mtambo kunyamaza mara kwa mara ili usikie, kwa kuwa hauwezi kusikia vizuri huku wenyewe ukipiga kelele.

Kuhusu kugawanya bendi, sababu ni za kimaumbile. Robo ya wimbi katika megahezi 20 ni mita 3.75, ilhali katika megahezi 6,000 ni milimita 12.5, kwa hiyo ni vigumu antena moja kuhudumia ncha zote mbili kwa ufanisi. Isitoshe, amplifaya inayorusha katika megahezi 400 huzaa pia mawimbi dhaifu katika 800 na 1,200, na kama hayo nayo yamo ndani ya bendi yake, hakuna chujio la kuyaondoa bila kukata na yale unayoyataka.

Mstaafu_wa_Redio:
Kijana, hesabu ya Fundi ni sahihi, ila imeacha umbali. Kipokezi cha bomu kipo mita chache kutoka kwenye gari lenye mtambo, na anayetoa amri kwa kawaida yuko mbali zaidi. Mahali pa wazi, anayesimama mbali mara kumi hufikisha nguvu iliyopungua mara mia, na karibu na ardhi hupungua hata zaidi. Hivyo hata miliwati chache za msafara zinaweza kutosha, na upana haupaswi kubezwa.

Ninachokihofia mimi ni kitu kingine: mtambo unaofunika kila kitu unafunika na redio yako. Jeshi la Marekani lililipata hilo nchini Iraq. Mitambo ya mwanzo, kama Warlock Green, ilitokana na mtambo wa Shortstop, uliobuniwa kulipua mapema makombora ya mizinga yenye fyuzi za redio, yaani vifaa vya kulipulia vinavyotumia mawimbi ya redio. Ilipoongezeka barabarani ikawa inavuruga mawasiliano ya wenyewe, na hata mtambo mmoja kuuvuruga mwingine, hadi mwaka 2006 Jeshi la Majini likapeleka wataalamu wake wa vita vya kielektroniki kusaidia vikosi vya nchi kavu. Redio zao za SINCGARS hutumia megahezi 30 hadi 88, ndani kabisa ya upana wa kipeperushi chako. Kwetu pia jambo hili si la vitabuni tu, maana wanajeshi wa Uganda, Burundi na Kenya walipokuwa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, walipita katika barabara za huko zilizotegwa mabomu, na msafara usioweza kuita msaada umeshapata hasara hata kabla ya mlipuko.

Mwanafunzi_Mawasiliano:
Nashukuru sana, wazee wangu. Basi nitamwandikia muuzaji nimuulize ni wati ngapi kwa kila megahezi katika kila bendi, bendi zote zikiwa zimewashwa kwa pamoja, na kama masafa ya redio za msafara wenyewe yanaweza kuachwa wazi.

FundiAntena:
Muulize pia kipimo hicho kilichukuliwa kwenye antena au kwenye mlango wa kutolea mawimbi wa amplifaya, na baada ya mtambo kuwaka kwa saa ngapi. Amplifaya za masafa mapana hugeuza zaidi ya nusu ya umeme kuwa joto, na wati 100 za asubuhi maabarani si wati 100 za saa nane mchana ndani ya gari lililofungwa madirisha.