Usaili umebaki wiki tatu, sayansi ya jumla inanitoa jasho. Niko Kigoma, naombeni ushauri

Binti Ujiji
Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nina miaka 26, nimesoma HGL (historia, jiografia na Kiingereza), chuo nikachukua sosholojia. Fizikia na kemia niliziacha kidato cha pili kwa furaha kabisa, baiolojia nikaiburuta mpaka cha nne kwa sababu ilikuwa lazima. Tangu hapo mimi na sayansi hatujasalimiana.

Mwaka jana niliitwa usaili wa mchujo, karatasi ikiwa na maarifa ya jumla na sayansi humo ndani. Kabla sijaenda, jamaa wa kwenye grupu la WhatsApp akaniuzia PDF ya maswali 500 na majibu yake kwa sh 3,000. Nikaikariri kama juzuu amma. Ungeniamsha saa nane usiku ukaniuliza kiseyeye kinaletwa na upungufu wa vitamini gani, ningekujibu C huku nimefumba macho.

Chumba cha mtihani nakutana na hili: baharia amekaa miezi melini, fizi zinavuja damu, vidonda haviponi. Kati ya hivi kipi kitamsaidia: dagaa wakavu, wali, mapera, maziwa? Wakuu, PDF yangu ilisema "machungwa na malimau". Machungwa hayapo! Nikatafakari weee, nikachagua dagaa, maana kwetu dagaa ni dawa ya kila kitu. Nyuma ya choo chetu kuna mpera, mapera yanaoza chini kila msimu.

Nimeitwa tena, kada nyingine. Asubuhi namsaidia mama biashara ya mawese, jioni niko huru. Nianzie wapi? Na hiyo PDF niirudie au niitupe?

Kasia Moja
Dagaa kwa kiseyeye! Dada umetuaibisha mwisho wa reli wote. Nasubiri wajuzi hapa, nimekaa na karanga.

Mnyamwezi Asilia
Pole bibie. Mimi niko Tabora, nilipita mchujo wa namna hiyo jaribio la tatu. Ushauri wangu hauna urembo: tafuta vitabu vya sayansi vya darasa la nne mpaka la saba, uvisome kama riwaya, usione aibu. Vimeandikwa Kiswahili na kila kitu kina picha. Ukimaliza, chukua baiolojia ya kidato cha kwanza na cha pili. Kuna watu wanarukia vitabu vya kidato cha sita, wanapoteza wiki mbili kwenye kitu ambacho hakiulizwi.

Ila na wewe usidharau kukariri. Yapo ya kukariri tu: maji yanachemka nyuzi 100, yanaganda 0, hewani kuna naitrojeni asilimia 78 na oksijeni 21, mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Hayo hayana mjadala.

Mwalimu wa Kasulu
Marahaba binti yangu. Nafundisha sayansi shule ya msingi mwaka wa 19 huu, niruhusu niwe mrefu.

Kosa lako halikuwa kutojua. Vitamini C uliijua. Ulichokosa ni kuiona C ndani ya pera. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na mtunga swali aliliweka pale makusudi ili awatenge waliokariri neno na waliojua kitu. Kwa hiyo anzia bandani kwa mama yako, kuna karatasi nzima ya mtihani pale.

Shika chupa ya mawese. Kwa nini ni mekundu? Karotini, ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Upungufu wake unaleta upofu wa usiku. Sasa wale wanaoyachoma mawese sufuriani mpaka yapauke ili yasitie chakula rangi, wanapoteza nini? Hiyo karotini. Unaona swali linavyojigeuza? Halafu jirani yako anayepika sabuni: mafuta ukichanganya na kostiki unapata sabuni na glisirini. Sabuni ni besi, kwa hiyo karatasi nyekundu ya litimasi, ile ya kupimia tindikali na besi, inakuwa bluu. Tindikali, mfano maji ya limau, inafanya kinyume: ya bluu inakuwa nyekundu. Ukimwaga mawese kwenye maji yanaelea, maana lita moja ya mafuta ni nyepesi kuliko lita moja ya maji. Mpaka hapo sijatoka bandani na nimekupa vitamini, kemia na densiti.

Sasa teremka bandarini. Msumari unazama, meli ya chuma inaelea, kwa nini? Wengi wanaandika "kwa sababu meli ina injini". Hapana. Meli ina uwazi mkubwa ndani, inasukuma pembeni maji mengi yenye uzito sawa na wa meli nzima, ndipo inaelea. Na kwa kuwa umesoma historia, nikupe la kukaa kichwani: Wajerumani walipoizamisha wenyewe meli yao, hii tunayoiita Liemba, mwaka 1916, mafundi waliipaka injini grisi nene kwanza. Ilipoinuliwa 1924, injini ilikuwa bado inafaa. Kutu inahitaji vitu viwili, maji na oksijeni. Grisi inavizuia vyote viwili visiguse chuma. Swali la kutu likija, wewe kumbuka grisi ya Liemba.

Kuhusu PDF usiitupe. Isome kama mtu anayesahihisha.

Kasia Moja
Mwalimu heshima yako. Ila mimi na Mnyamwezi tuna kesi. Maji yanachemka nyuzi 100 wapi? Labda kwa wenzetu wa Tanga na Dar. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, huku yanachemka kwenye 97 na ushee. Kwenu Tabora, mita 1,200 hivi, yanachemka kwenye 96. Kila ukipanda kama mita 300 unapoteza nyuzi moja. Mnyamwezi, chai yako haijawahi kufika 100 tangu uzaliwe.

Mnyamwezi Asilia
Duh. Nimekubali, lakini kwenye mtihani naandika 100. Sitaki kesi na msahihishaji.

Kasia Moja
Na ni sahihi, ilimradi wasiandike "juu ya mlima Kilimanjaro". Wakiandika mlima, ujue wanakutega. Ndiyo maana maharage yanasumbua kuiva huko juu.

Mwalimu wa Kasulu
Kijana yuko sawa. Na hapo hapo kuna mtego wa uzito. Sokoni tunasema "uzito kilo sita". Kwenye sayansi kilo ni tungamo, uzito ni kani na kipimo chake ni nyutoni. Mtu wa kilo 60 ana uzito wa nyutoni 600 hivi. Ukimpeleka mwezini, kilo zinabaki 60, uzito unashuka mpaka nyutoni kama 100, kwa sababu mvutano wa mwezi ni kama sehemu moja ya sita ya wetu.

Nesi wa Zamu
Nimechelewa, nimetoka zamu sasa hivi. Upande wa magonjwa, dada, tenganisha kinachosababisha na kinachobeba. Hapo ndipo watu wanaanguka kama maembe. Malaria haisababishwi na mbu! Inasababishwa na kimelea kinaitwa plasmodiamu, mbu jike wa anofelesi anakibeba tu. Malale vivyo hivyo, mbung'o ni mbebaji. Kichocho ni minyoo, konokono wa majini ndiye anayeilea kabla haijaingia kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini. Kipindupindu ni bakteria. Surua ni virusi, na virusi haviuawi na antibiotiki, hata uzinunue duka zima.

Jambo jingine: kwenye karatasi pigia mstari neno "isipokuwa". Mwenzangu alijua majibu yote ya swali moja la damu akachagua la kwanza lililo kweli, kumbe walitaka lisilo kweli.

Binti Ujiji
Jamani Mungu awabariki. Mwalimu shikamoo tena.

Jana usiku nimeifungua ile PDF na kalamu nyekundu. Kwenye maswali 60 ya kwanza nimekuta haya: "Mwezi hutoa mwanga wake wa rangi ya fedha." "Popo ni ndege anayeruka usiku." "Kupe ni mdudu anayenyonya damu." La mwezi nimelijua ni uongo, mwezi unaakisi mwanga wa jua. Popo ananyonyesha, kwa hiyo ni mamalia. La kupe sina uhakika, mbona ni mdudu kabisa?

Nesi wa Zamu
Hesabu miguu. Mdudu wa kisayansi ana sita. Kupe mkubwa ana minane, yuko kundi moja na buibui na nge. Mtaani endelea kumwita mdudu, kwenye karatasi hapana.

Kasia Moja
Sh 3,000 umenunua matusi ya sayansi. Halafu la mwezi mtu wa Kigoma hatakiwi kukosa. Mbalamwezi ikiwaka sisi hatuendi kuvua dagaa, mwanga unatapakaa ziwa zima, taa zetu zinakosa nguvu ya kuwakusanya. Tunashona nyavu siku hizo. Ndiyo maana unaniona nimeshinda humu.

Mwalimu wa Kasulu
Binti, ngoja nikupime. Usiangalie popote. Umesimama ufukweni Kibirizi saa kumi na moja jioni, mawingu yametanda. Unaona umeme wa radi upande wa Kongo. Unahesabu sekunde sita, ngurumo inafika. Jirani yako anasema "hiyo iko Kongo, tuendelee kuanika dagaa". Radi iko umbali gani, na unamjibuje?

Binti Ujiji
Najaribu. Mwanga unafika papo hapo, hauna maana kuuhesabu. Sauti hewani inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mara sita ni 2,040. Kilomita mbili na kidogo.

Ng'ambo ya Kongo ni zaidi ya kilomita 40 kutoka hapo, kwa hiyo radi haiko Kongo, iko ziwani na inakuja. Namwambia aache dagaa tukimbie.

Mwalimu wa Kasulu
Alama zote. Kesho wenzo na roda, uje na toroli la mama yako.

Kasia Moja
Na dagaa za watu zikilowa nani analipa?