Mguu wa nyuma wa panzi: vipande vitatu au vitano?

Mwl_Uyole
Wadau, habari za jioni. Nina somo la vitendo, kidato cha tatu. Wanafunzi wakichomoa mguu wa nyuma wa panzi wanapata vipande vitatu tu: paja, ugoko na wayo. Mchoro una vitano. Halafu panzi waliokauka miguu inakatika ikiguswa tu. Nifanyeje?

FundiMaabara_Iringa
Mwalimu, viwili vimebaki mwilini. Panzi hai akivutwa mguu wa nyuma huuachia, nao hukatikia kati ya trokanta (kipande kidogo kinachounga nyonga na paja) na paja. Koksa, yaani nyonga yake, inabaki kifuani pamoja na trokanta.

Usivute. Mlaze panzi aliyekufa chali, pitisha ncha ya mkasi mdogo kwenye utando laini unaozunguka koksa, kata kwa kuzunguka, ndipo uunyanyue mguu mzima kwa kibano. Tumia lenzi ya mara 10, maana trokanta ya nyuma ni kipete chembamba kilichogandamana na paja. Ya mguu wa mbele inaonekana vizuri zaidi, waanzie huko.

Wayo una vijisehemu 3, ila visihesabiwe kama vipande: havina misuli yake, kucha zinavutwa na kano inayotoka juu. Wanafunzi wengi hupotezea maksi hapo.

Waonyeshe pia ile michirizi ya mshazari kwenye paja, kama miiba ya samaki. Ndipo inaposhikilia misuli ya kuruka.

Kisanduku_cha_Wadudu
Waliokauka walainishe kwanza. Weka pamba yenye maji ya moto ndani ya kopo lenye mfuniko, chini kabisa, juu yake kadibodi, kisha panzi, funga saa 24. Maji yasiwaguse. Tone la dawa ya kuua vijidudu huzuia ukungu. Ukiwasahau siku kadhaa wataoza.

Wapya uwahifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70: ml 70 za spiriti ya 95, ml 25 za maji. Wakusanye alfajiri, kwa baridi ya huko Mbeya hawana nguvu ya kuruka, unaokota kwa mkono.

Mwl_Uyole
Asanteni sana. Buibui naye nimweke meza hiyohiyo?

FundiMaabara_Iringa
Mweke, lakini kwa swali lake. Ana vipande saba: kuna goti baada ya paja, na wayo umetanguliwa na metataso. Baadhi ya maungio yake hayana misuli ya kunyoosha, yananyooshwa na shinikizo la damu. Ndiyo maana akifa miguu inajikunja.

Mzinga_Mufindi
Ongeza nyuki. Kikapu cha chavua kiko upande wa nje wa ugoko wa nyuma, umebonyea na kuzungukwa na nywele ndefu. Malkia na dume hawana, kwa hiyo okota vibarua waliokufa mbele ya mzinga.